Chafya Nne Mbele ya Mashine: Duka la Viungo Jirani na Soko la Kisutu

Jumamosi iliyopita nilikwenda na binti yangu kununua pilipili manga katika duka la viungo lililo hatua chache kutoka Soko la Kisutu, ambalo sifa yake kubwa ni kumsagia mteja mzigo wake papo hapo, naye akitazama. Kijana wa mashine hajamaliza kumimina punje, nikapiga chafya tatu mfululizo. Kila nilipomhimidi Mola, mzee mwenye duka aliacha mizani yake akaniitikia "Yarhamukallah," nami nikamwombea uongofu kama tulivyofunzwa madrasa; ya nne ilipokuja alitabasamu, akasema, "Hayo sasa ni mafua, mwanangu, Mungu akupe afueni," kwa maana kuitikiwa chafya huishia kwenye ya tatu. Adabu ya namna hiyo ni nadra katika maduka ya katikati ya jiji, na kwangu ina uzito sawa na ubora wa bidhaa.

Mafua sikuwa nayo. Pilipili manga ina piperini, kemikali inayochokoza ncha za neva ndani ya pua. Neva hizo hupeleka habari kwenye shina la ubongo, nalo huamuru kifua kivute pumzi, koo lifunge, macho yafumbe, kisha hewa ifyatuke kwa kishindo. Unga niliosagiwa ulikuwa na ukali wake wote: nilipousugua kati ya vidole uliacha mafuta kidogo, na harufu yake ilikaa mkononi hadi Magharibi. Mzee aliniambia kwamba punje zimetoka Muheza. Robo kilo, pamoja na kusagiwa, ilinigharimu shilingi 6,000, bei ninayoiona ya haki. Simshauri mtu, hata hivyo, anunue ile iliyokwisha kusagwa na kupangwa dirishani katika mitungi ya kioo, kwa kuwa mwanga huidhoofisha piperini. (Binti yangu hakupiga chafya hata moja mle ndani, yake ilimjia tulipotoka juani, kama imjiavyo mama yake, kwani chafya ya jua hurithiwa.)

Kinachonisumbua zaidi ni magunia ya iliki, mdalasini na binzari nyembamba, ambayo hukaa wazi kando ya mashine ileile inayowapigisha wateja chafya kutwa nzima. Utafiti wa Lydia Bourouiba wa chuo cha MIT, Marekani, umeonyesha kwamba wingu la matone ya chafya linaweza kusafiri mita 7 hadi 8, na duka lenyewe halizidi mita 5 kutoka mlangoni hadi ukutani. Mimi nilijiziba kwa kiwiko, lakini wawili walionifuata hawakujiziba, na mmoja wao alikuwa ameinamia iliki. Vumbi nalo halina pa kutokea, maana feni iliyopo hulizungusha tu, na yule kijana amejifunga kitambaa chepesi puani badala ya barakoa. Mwenye pumu na amtume mtu.

Nilimweleza mzee jambo hilo kwa upole, tukiwa peke yetu kwenye kaunta. Alinisikiliza hadi mwisho, akamwita kijana, na tulipoondoka gunia la iliki lilikuwa limekwisha kufunikwa kwa kipande cha turubai. Yale mengine yalikuwa bado.