Maji ya kutunzia sigaa: nimejaribu ya bomba, ya chupa na ya betri

Dodoma ni mji mkavu. Ukitoka pwani, ambako taulo linashinda kwenye kamba na jioni bado bichi, utashangaa midomo inavyopasuka huku ikifika Julai. Sigaa nazo zinapasuka. Nazungumzia zile nene za Kuba, Nikaragua na Jamhuri ya Dominika, majani matupu ya tumbaku yaliyoviringishwa kwa mkono. Zikikauka, jani la juu linachanika, zinaungua haraka na moshi unakwaruza koo. Zikilowa, zinagoma kuwaka au zinaota ukungu. Zinataka hewa yenye unyevu wa asilimia 65 hadi 72.

Kwa hiyo nina humido, lile sanduku lililopigwa kwa ndani mbao za mwerezi wa Kihispania. Kwa kweli mti wenyewe si mwerezi, ni ndugu wa mkangazi, na uliletwa Tanzania zamani ukapandwa hadi ukavamia msitu wa Kimboza kule Morogoro. Haya, turudi kwenye sanduku. Wauzaji watakusifia mbao, bawaba na kufuli, ila hakuna anayekwambia uweke maji gani kwenye kile kisponji cha kuleta unyevu, na hapo ndipo penye kazi.

Ya bomba niliyapima kwa macho tu. Birika letu la umeme lina ukoko mweupe chini ambao hata siki inautoa kwa shida. Huo ni kalsiamu na magnesiamu. Maji yakipaa kutoka kwenye sponji hayaondoki nayo, yanayaacha palepale, na kila ukijaza unaongeza tabaka lingine hadi vitundu vinaziba na sponji haitoi tena unyevu. Klorini nayo ina harufu, na tumbaku inadaka harufu upesi. Wapo wanaosema chemsha kwanza. Kuchemsha kunaua vijidudu, lakini chumvi nyingi zinabaki humohumo, tena kwenye maji machache zaidi.

Ya kunywa ya chupa yanadanganya kwa sababu yana ladha safi. Geuza chupa usome lebo: kalsiamu, sodiamu, magnesiamu, zote zimeorodheshwa na kampuni inajivunia. Kwa mwili wako ni sawa. Kwa sponji ni yaleyale ya bomba, umeongeza gharama tu.

Fundi mmoja wa viyoyozi alinishauri nikinge maji yanayodondoka kwenye bomba la AC, kwamba yeye anayatumia kwenye pasi na haijawahi kuziba. Kuhusu chumvi yuko sahihi, ule ni mvuke wa hewa uliopozwa. Lakini funua trei ya kiyoyozi chochote kilichofanya kazi mwaka mzima uone ule utelezi wa kahawia. Hayo siyaingizi kwenye sanduku la giza lenye unyevu, ni kualika ukungu.

Nilichotulia nacho ni maji ya betri. Si jina la kupendeza kwa kitu cha kukaa jirani na sigaa ya Kuba, najua. Lakini maji ya kuongezea betri ya gari ni maji yaliyokenekwa, yaani yamechemshwa, mvuke ukapozwa ukarudi kuwa maji na chumvi zikaachwa nyuma, au yamechujwa kwa mitambo hadi madini yakatoka. Betri inataka kilekile sponji inachotaka. Lita moja haifiki bei ya chipsi mayai, na kwa sanduku la sigaa ishirini na kitu inakaa muda mrefu sana.

Ila hapa soma taratibu. Kwenye duka la vipuri, ukisema "maji ya betri" unaweza kupewa vitu viwili. Kijana wa dukani aliniuliza, "Bosi, ya kuongezea au asidi?" Nikamshukuru kwa kuuliza, maana si wote wanaouliza. Asidi ya betri ni asidi ya salfuriki, inatoboa nguo na kuunguza ngozi, na kwa macho ni maji matupu. Nunua chupa iliyofungwa kiwandani, yenye lebo inayosema distilled au demineralised, na neno acid lisiwepo popote. Ya kupimiwa kutoka kwenye dumu achana nayo hata ikiwa bure. Ukibaki na wasiwasi, mimina kidogo kwenye kisahani na unyunyizie baking soda: ikitoa povu, rudisha dukani. Usionje, usinuse.

Kuna jaribio jingine nalipenda. Dondosha tone la maji ya bomba kwenye kioo na tone la haya pembeni, yaache yakauke yenyewe. La bomba liliacha duara jeupe kama chaki. Kwa lile la betri ilinibidi nikielekeze kioo dirishani nione lilikuwa wapi.

Kwenye duka la dawa yapo pia maji ya sindano. Ni safi mno, lakini ampuli ya mililita 10 kwa sponji linalokunywa ni mchezo wa matajiri.

Mchanganyiko wa nusu maji yaliyokenekwa nusu propilini glaikoli, kimiminika kinachoshika unyevu, nimeutumia pia. Unashikilia unyevu karibu na asilimia 70 na unazuia ukungu, ila glaikoli haipai kama maji, kwa hiyo ujazo unaofuata ni wa maji matupu. Wengi wanajaza mchanganyiko tena na tena halafu wanalaumu sponji. Pakiti za Boveda, zenye chumvi na maji ndani, zinatoa na kunyonya unyevu zenyewe na hutafuti maji kabisa. Ya gramu 60 inatosha sigaa 25 hivi, na ikiwa ngumu imekwisha. Kwa safari nazipenda kuliko chochote. Kwa kila siku, kuagiza kila mara kunachosha.

Kabla ya yote, hakikisha kipima unyevu chako hakisemi uongo. Chumvi ya mezani kwenye kizibo, matone machache iwe tope, kisha kizibo na kipimo ndani ya mfuko uliofungwa vizuri usiku kucha. Kinatakiwa kisome 75. Changu kilisoma 69, kwa hiyo kila ninachokiona nakiongezea 6.

Kwa ndugu zangu wa Dar, Tanga na Mombasa, msikimbilie kujaza. Kama chumba hakina kiyoyozi, acheni sanduku na kipimo tu kwa wiki moja kwanza. Huenda mkakuta hewa ya bahari imeshapita 72, na hapo mnachohitaji ni pakiti ya kunyonya.