Uzoefu wangu: kutibu HiAce ya kulala iliyokuwa haishiki njia

Gari lenyewe ni Toyota HiAce ya umbo la H200, paa refu, ekseli ya mbele hadi ya nyuma milimita 2,570. Ni ileile ya matatu, ila ndani kuna kitanda, kabati, jiko la gesi, friji, betri mbili na tangi la maji la lita 100. Ugonjwa wake: ikipita kilomita 70 kwa saa usukani unakuwa mwepesi mno, gari linajitafutia njia, na kusi ikivuma kutoka baharini kati ya Malindi na Kilifi, dereva hapumziki kurudisha usukani. Basi likikupita ndiyo usiseme.

Ninachotathmini hapa ni vipuri na huduma nilizolipia kumaliza ugonjwa huo: tai rodi endi (viungo vya mwisho vinavyoshika gurudumu na usukani) na bushi za reki (mipira inayoshikilia mtambo wa usukani unaosukuma magurudumu kugeuka), shokapu, jani la ziada la springi, alaimenti (kupanga pembe za magurudumu) mara mbili, na stabilaiza ya nyuma, yaani fimbo inayozuia gari kulalia ubavu. Lakini nianze na dawa ambayo haikuuzwa na mtu yeyote na ndiyo iliyosaidia kuliko zote, kuhamisha mzigo.

Nahodha hapakii shehena yote tezi akategemea jahazi liusikie usukani. Gari-nyumba nyingi hupakiwa hivyohivyo, kwa kuwa nafasi iliyobaki iko nyuma ya ekseli ya nyuma, na hapo ndipo seremala hutupia tangi na betri. Uzito ulio nyuma ya ekseli haukai nyuma tu, huinua na mbele. Hesabu ni rahisi: zidisha kilo kwa umbali wake kutoka ekseli ya nyuma, gawanya kwa urefu kati ya ekseli mbili. Tangi lililojaa, kilo 100, likiwa sentimita 70 nyuma ya ekseli: 100 × 0.70 ÷ 2.57, kilo 27 zinaondoka kwenye matairi ya mbele. Likihamishwa sentimita 90 mbele ya ekseli hiyo, kilo 35 zinaongezeka mbele. Jumla 62. Betri mbili za kilo 25 kila moja, kutoka sentimita 60 nyuma ya ekseli hadi nyuma ya kiti cha dereva, mita 1.8 mbele ya ekseli, ni 47 zaidi.

Mizani ya malori ilithibitisha. Kabla: mbele 1,180, nyuma 1,560. Baada: mbele 1,280, nyuma 1,460. Hesabu ilisema 109, mizani ikasema 100, kwa kuwa yenyewe inasoma kwa hatua za kilo 20. Namna ya kupima ni hii: magurudumu ya mbele tu kwenye sahani, andika, gari zima, andika, ya nyuma tu, andika. Mbele na nyuma zikijumlishwa zisipokaribiana na gari zima, sahani na sakafu haviko sawa, rudia. Pima gari likiwa na maji, gesi, vyombo na watu kwenye viti. Kupima gari tupu ni kupima gari la mtu mwingine.

Tangi pia liwe na vigawanyo ndani. Lita 50 zinazocheza huku na huku kwenye tangi lisilo na ukuta husukuma gari nusu sekunde baada ya dereva kuwa amekwisha kunyoosha usukani, na hapo mtu hulaumu shokapu bure. Kamba za polyester hazitoshi kulifunga; tumia mikanda ya chuma na bolti zinazopita hadi kwenye chasisi, kwa kuwa bati la sakafu peke yake hutoboka.

Matairi ni habari fupi lakini usiiruke. Saizi ya gari hili ni 195R15C, na ile herufi C ndiyo ya muhimu: ni tairi la kubebea mzigo, kuta zake ngumu. Nililikuta na matairi mawili ya nyuma ya gari dogo, yenye saizi inayokaribiana lakini bila C. Ukisimama kando ya gari ukalisukuma ubavuni kwa bega, unaona rimu inatembea na tairi limebaki chini. Namba ya mzigo 107 ni kilo 975 kwa tairi moja, 105 ni kilo 925 yakifungwa mawilimawili. Tarehe ya kutengenezwa iko kwenye tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi: 3521 ni wiki ya 35 ya mwaka 2021. Upepo nimetulia kwenye psi 45 mbele na psi 60 nyuma, ukipimwa asubuhi kabla jua halijapiga tairi. Kwa gari lako fuata kibandiko cha mlangoni na kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi. Kupunguza upepo "ili lisirushe" ndiko kunakozaa yale mayumbo.

Sasa usukani. Kabla ya kununua chochote, gari likiwa chini na injini ikiwaka, mwenzako atikise usukani kushoto na kulia kidogokidogo, kama kiganja kimoja, huku wewe ukishika kila kiungo kwa mkono mmoja mmoja. Kiungo kibovu hujisema: upande mmoja unaanza kutembea kabla ya wa pili. Kisha inua mbele, weka vigingi vya chuma, na kwenye mchanga wetu huu weka ubao mpana chini ya jeki na chini ya kila kigingi. Shika tairi ubavuni, kulia na kushoto, ulisukume. Likicheza, ni tai rodi endi au reki. Shika juu na chini. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki. Mchezo ukipotea ni bearingi, ukibaki ni boli jointi, kile kiungo cha tufe kinachoshika gurudumu kwenye mkono wake.

Kwangu zilikuwa mbovu tai rodi endi zote mbili na bushi za reki. Bushi za reki huwa hazitazamwi, na ni kosa. Mpira wake ukilainishwa na mafuta ya usukani yanayovuja, reki nzima hutembea milimita kadhaa ubavuni kabla ya tairi kugeuka, na dereva huhisi kama usukani una usingizi. Zibe uvujaji kwanza, maana bushi mpya zikilowa mafuta yaleyale zitalainika vilevile. Tai rodi endi nilichukua za chapa ya 555, na mwaka mmoja wa barabara ya Garsen hazijaanza kucheza. Zile za bei ya chini kabisa dukani zilikuwa na mpira wa vumbi mwembamba kama puto, nikaziacha hapohapo kaunta.

Kuzifunga si kazi kubwa. Hesabu mizunguko unapoitoa ya zamani ili mpya ikae karibu na palepale. Usitumie uma wa kupasulia kama unataka kubakiza mpira. Gonga ubavu wa sikio la nakoli (kile chuma kinachobeba gurudumu, ambamo tai rodi endi huingia) kwa nyundo mbili zinazokutana, itaachia. Badilisha kulia na kushoto kwa pamoja, weka pini mpya, na tundu la pini lisipolingana kaza nati zaidi hadi lilingane. Kulegeza ili lilingane ndiko kunakoangusha magurudumu.

Shokapu: nne za chapa ya KYB. Nimeridhika, ila mtu asitegemee zibebe mzigo. Kazi yake ni kutuliza springi baada ya kishindo tu. Tofauti ilionekana kwenye viraka na matuta, ambapo mbele ilikuwa ikinesa mara tatu na sasa inanesa moja. Kuyumba kwa upepo kulipungua kidogo sana. Lile jaribio la kukandamiza boneti na kuhesabu minesho halisemi kitu kwa gari zito kama hili. Tafuta majimaji ya mafuta kwenye mwili wa shokapu na mikwaruzo kwenye fimbo yake.

Jani la ziada la springi ndilo ninalolipa alama ndogo, na ndilo kila mtu anakushauri uweke. Nyuma ilikuwa imelala, fundi akaongeza jani moja kila upande, gari likapanda milimita 50. Lilipendeza kwa macho. Lakini ukiinua nyuma milimita 50 kwenye gari la milimita 2,570, unainamisha chasisi nzima mbele kwa zaidi kidogo ya nyuzi 1, na nyuzi hizo zinapunguzwa moja kwa moja kwenye kasta, ule mwelekeo wa gurudumu unaofanya usukani ujirudishe wenyewe katikati baada ya kona. Kwa hiyo unatoka kwenye gari jepesi mbele kwa sababu ya uzito, unaingia kwenye gari lisilojirudisha kwa sababu ya pembe. Lau ningehamisha tangi kwanza, jani lile lisingehitajika. Nililitoa, nikabadilisha bushi za springi zilizokuwa zimelika, na sasa gari limekaa karibu sawa. Pima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, pande zote nne, kabla na baada ya kila kazi. Karatasi hiyo ya namba nne itakuokoa na mabishano mengi.

Zile bushi za springi, usizidharau. Zikilika, ekseli ya nyuma hupindia upande mmoja kila mzigo unapohama, na gari huongozwa na nyuma. Dereva huapa kwamba ni usukani. Bolti za bushi za mpira zikazwe mwisho kabisa, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Zikikazwa wakati ekseli inaning'inia, mpira unajipinda siku ya kwanza na kupasuka mapema.

Alaimenti ya kwanza ilikuwa hasara. Gereji, ambayo sitaitaja, ilimwaga maji ya tangi ili gari lipande kirahisi, ikarekebisha tou peke yake, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoangaliana, ikatoa risiti. Hakuna aliyegusa usukani. Lishike hili: kasta haipimwi bila magurudumu ya mbele kugeuzwa kushoto na kulia juu ya sahani zinazozunguka. Fundi asipougeuza usukani, namba ya kasta anayokuonyesha hajaipima. Ya pili, Mombasa, ilifanywa kama inavyotakiwa: maji yamejaa, kilo 70 kwenye kiti cha dereva, upepo wa matairi umesawazishwa kwanza, na karatasi yenye tou, kemba (jinsi gurudumu linavyoinamia ndani au nje kwa juu) na kasta za kila upande, kabla na baada. Tou iliachwa ikiingia ndani milimita 1 hadi 2 kwa jumla. Kwa gari lako kitabu ndicho cha kufuata. Tou inayotoka nje ndiyo hufanya gari liwe na wasiwasi, kila kijifereji cha lami kinalivuta. Na alaimenti iwe ya mwisho. Ukiifanya kabla ya kubadilisha viungo vinavyocheza, unapima mchezo.

Stabilaiza ya nyuma niliifunga mwisho, kwa kuwa gari langu halikuja nayo. Kwenye daraja la Kilifi upepo ukipiga ubavu, paa haliinami kama zamani, hilo ni kweli. Lakini inaifanya nyuma kuwa ngumu kuliko mbele, na barabara ikiwa na maji au udongo mweusi wa kule Minjila, nyuma huteleza mapema zaidi. Mtu anayeishia Watamu na Mombasa tu ataipenda. Anayekwenda Mokowe kwa mvua afikirie mara mbili, na asiifunge kabla ya kurekebisha uzito, kwa sababu itaficha ugonjwa bila kuuponya.

Dampa ya usukani, kishokapu kinachofungwa kwenye usukani, sikununua. Inatuliza mtetemo wa tairi lisilo na balansi, gari linalotangatanga hailigusi.

Nilivyolipia nitavipanga hivi: alaimenti iliyofanywa na mzigo ndani, alama tano kati ya tano, tai rodi endi na bushi za reki, tano, matairi ya C, tano bila mjadala, shokapu, nne, stabilaiza, tatu, jani la ziada, moja, na hiyo moja ni ya uhunzi mzuri wa fundi.

Yubolti zote za springi, zile bolti za umbo la U zinazoifunga kwenye ekseli, zikazwe tena baada ya kilomita 100 za kwanza, halafu baada ya 500, maana majani hujilaza na kuziacha zikiwa zimelegea. Na ukiegesha usiku kando ya bahari, pitisha maji yasiyo na chumvi chini ya gari kabla ya kuondoka: chumvi ya hapa huanza na nyuzi za yubolti na pini za tai rodi, na kufungua bolti iliyoshika kutu juu ya reki ya alumini ni kazi ya kuvunja kitu kingine.