Mokugyo ya mti wa kafuri kutoka Kyoto: uzoefu wangu

Mokugyo, ngoma ya mti yenye umbo la samaki inayopigwa wakati wa kusoma maandiko ya Kibudha, usiinunue kwa picha. Nenda dukani ukaipige mwenyewe. Kwenye duka la vifaa vya ibada ya Kibudha hapa Kyoto niliwekewa mbili sako kwa bako, zote za mti wa kafuri, zote za sun 6 (sun ni kipimo cha Kijapani), yaani sentimita 18 hivi. Moja ililia kavu, sauti ikakatika papo hapo. Ya pili ilitoa mlio mzito, uliojaa, ukadumu kidogo kabla ya kuzima. Nikachukua hiyo ya pili ingawa ilikuwa ghali zaidi, nami naipenda kila ninapoigusa.

Siri yote iko tumboni. Fundi hulikomba gogo kwa patasi ndefu akipitia mpasuo mwembamba, mahali ambapo jicho halifiki vizuri, na unene anaoubakiza ndio unaoipa kila moja sauti yake. Mti wenyewe lazima uachwe ukauke kwa miaka, la sivyo utapasuka. Kwa hiyo chunguza nyufa, hasa karibu na ncha za mpasuo.

Nje kuna magamba ya samaki. Samaki hafumbi macho usiku wala mchana, ndiyo maana watawa walimchagua awakumbushe kukesha. Ukipata nafasi, fika hekalu la Manpuku-ji, mjini Uji karibu na Kyoto, lililoanzishwa mwaka 1661 na Ingen, mtawa kutoka China. Huko limening'inizwa samaki refu la ubao linalogongwa kutangaza nyakati. Umbo hilo la ubao ni la zamani kuliko hii ya mviringo, na kuliona kulinifanya niiheshimu zaidi ya kwangu.

Naitumia kusomea Sutra ya Moyo, andiko fupi la Kibudha, pigo moja kwa kila herufi ya Kichina, na mwendo hauyumbi. Mkwiro nilionunua nayo una kichwa kilichofungwa ngozi. Wenye kichwa kigumu hula mti. Mto wa kuikalisha nao ni wa lazima, kwani ukiiweka mezani hivi hivi sauti inafifia. Iepushe na jua na hita.

Kama unanunulia wengine zawadi, uliza kwanza ni wa madhehebu gani. Zen, Tendai na Jodo wanaitumia. Jodo Shinshu hawaitumii.