TAHADHARI Dodoma: "Pampu ya joto" ya bwawa inayouzwa mitaani ni koili za bafuni

Wakuu wa Dodoma, hasa wenye mabwawa ya kuogelea majumbani na wenye gesti ndogo, kuanzia Kisasa, Ilazo, Njedengwa mpaka Iyumbu. Kuna jamaa anazunguka na kirikuu akiuza boksi la chuma la kijivu lenye feni mbele na stika ya Kiingereza. Anasema ni pampu ya joto ya bwawa, unachomeka jioni, asubuhi watoto wanaogelea. Bei laki saba na nusu, nusu unatanguliza kwa simu. Msitume hela.

Mimi kazi yangu ni pampu na mabomba. Baridi hii ilipoanza nimeitwa kwenye nyumba zaidi ya moja kwa malalamiko yale yale: maji hayashiki joto, LUKU inakwisha kama ina tundu. Kwa mama mmoja Njedengwa niliomba ruhusa nikafungua boksi. Ndani kulikuwa na koili mbili za hita ya bafuni, zile za bomba la mvua, zimeunganishwa kwenye kipande cha bomba. Feni ya mbele haikuwa na kazi yoyote zaidi ya kupiga kelele. Chini kabisa amefunga kipande cha zege kwa waya ili boksi liwe zito. Na waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaokukinga usipigwe na umeme ukivuja, umekatwa na kukunjwa ndani. Yaani unapitisha maji kwenye koili ya umeme, maji hayo hayo watoto wanaingia, na ethi hakuna. Hela ikipotea itatafutwa nyingine, lakini hili la ethi ndilo lililonifanya niandike.

Sasa ujanja wake uko hapa. Pampu za joto za kweli zipo na zinafanya kazi vizuri hata kwa baridi ya Dodoma. Hazitengenezi joto, zinalihamisha kutoka kwenye hewa kwenda kwenye maji, ndiyo maana yuniti moja ya umeme inaweza kukupa joto la yuniti nne au tano. Jamaa anakuonyesha video ya mashine ya kweli, anakutajia kilowati 12, kisha anakuletea boksi lake. Ya kweli ina kompresa na gesi kama friji, inatoa hewa ya baridi upande wa feni na inadondosha maji ya ukungu chini. Weka mkono mbele ya feni. Kama hewa haijapoa kuliko ya nje, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Halafu pigeni hesabu, haihitaji ufundi. Kupandisha maji ya ujazo wa mita moja kwa nyuzi moja kunataka takribani yuniti 1.16 za umeme. Bwawa la yule mama lina urefu wa mita 8, upana 4 na kina cha wastani mita 1.4, kama lita 45,000 hivi. Nyuzi moja tu ni yuniti 52. Plagi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi kupitisha zaidi ya kilowati 3, kwa hiyo koili zile zinahitaji saa 17 kupandisha nyuzi moja, na hapo nimejifanya kama hakuna joto linalopotea. Kutoka nyuzi 20 kwenda 26 ni yuniti zaidi ya 310. Kwa bei ya umeme wa nyumbani, yuniti 2.8 kwa shilingi elfu moja, hiyo ni zaidi ya laki moja na elfu kumi kwa bwawa moja, mara moja. Na usiku wa Julai hapa hewa inashuka hadi nyuzi 13 au 14, upepo unapiga, asubuhi umerudi ulikotoka.

Huyo huyo anauza na "blanketi la sola". Ni ile plastiki ya malengelenge ya kufungia vyombo vya udongo. Jua letu linaimaliza upesi, inabaki vipande vipande vinavyoziba chujio la pampu. Nimetoa konzi nzima kwenye kikapu cha chujio.

Kwa asiyetaka kupoteza hela: joto la bwawa linaondoka zaidi kwa maji ya juu kugeuka mvuke, na kwa upepo na ukavu wa Dodoma ndiyo balaa. Kwa hiyo kitu cha kwanza kununua ni kifuniko, kabla hata hujafikiria mashine. Blanketi la kweli la bwawa ni zito na limewekewa kinga ya jua. Mfuko ukiwa mwembamba, nailoni ya vitalu nyumba, ile ya mikroni 200 yenye kinga ya jua, inafanya kazi kwa sehemu kubwa. Funika jua linapopungua nguvu, saa kumi na moja jioni. Na uivue yote kabla mtu hajaingia, mtoto akinasa chini yake huwezi kumwona. Faida nyingine ni maji yenyewe: mgao wa maji mnaujua.

Ukishafunika ndiyo ufikirie jua. Bomba jeusi la plastiki likizungushwa juu ya bati linapasha maji kweli, ila eneo lake lifike angalau nusu ya uso wa bwawa. Kwa bwawa la yule mama ni mita za mraba 16. Rola la mita 100 la inchi moja linafunika kama 3 tu, kwa hiyo anayekuambia rola moja linatosha naye ni kanjanja. Miezi hii jua liko kaskazini, tumia upande wa paa unaoelekea huko, na zima pampu inayosukuma maji humo jioni, la sivyo bomba lile lile linapoza maji usiku.

Kwa waliokwisha lipa: chomoeni hilo boksi leo, msiliguse likiwa na umeme. Msilitupe wala msimrudishie, ni ushahidi. Hifadhini ujumbe wa muamala na mazungumzo yote, nendeni polisi, na Tume ya Ushindani nao wanashughulika na bidhaa bandia. Ujumbe wake wa matangazo upelekeni 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Mama wa Njedengwa alipomdai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, alijibiwa "mashine iko chaji", na tangu siku hiyo simu haipokelewi. Jamaa anabadilisha namba, ila stika na maneno ni yale yale.