Programu ya kulipia inayofundisha sianidi kinyume: msiinunue

Swali moja tu, la sumu ya sianidi, limetosha kunikasirisha. Programu hii ya simu ya baiolojia na baiokemia inamfundisha mwanafunzi wa kidato cha sita kwamba sianidi huua kwa kung'ang'ania himoglobini, damu ikashindwa kubeba oksijeni. Hiyo ni kazi ya kaboni monoksidi! Sianidi hushika chuma cha saitokromu oksidasi, kimeng'enya cha mwisho kwenye mnyororo wa elektroni ndani ya mitokondria. Oksijeni inafika kwenye seli, ila seli haiwezi kuitumia. Ndiyo maana hata damu ya vena huweza kuwa nyekundu ya kung'aa.

Na huku ni Newala na Tandahimba, mkoani Mtwara, kwenye mihogo na makopa (muhogo uliokaushwa). Muhogo mchungu una linamarini, kemikali inayobeba sianidi; ukikwanguliwa au kupondwa, linamarini hukutana na kimeng'enya chake, linamarasi, na sianidi hidrojeni huanza kutoka na kupotelea hewani. Mtoto wa huku ataulizwa nyumbani kwa nini mihogo hulowekwa. Apewe jibu sahihi.

Niliwaandikia huduma kwa wateja, nikawaonyesha kosa hatua kwa hatua. Wakanijibu: "Mwalimu, kama unajua kuliko sisi, tengeneza ya kwako." Mpaka leo kosa liko palepale.

Haki yao niwape: michoro ya mzunguko wa Krebs (hatua za seli kuvunja chakula ili kupata nishati) ni safi, na inafunguka bila bando. Nilitaka kusema ichukueni kwa michoro tu. Lakini nimerudi kwenye hesabu ya ATP, molekuli za nishati ambazo seli hupata kwa glukosi moja: wameandika 38, basi. Hawasemi kwamba kwa vibeba elektroni, NADH moja sasa huhesabiwa ATP 2.5 na FADH2 moja 1.5, ndipo ikapatikana 30 hadi 32. Hapana, hata michoro siitetei tena.

Pakueni kitabu cha kiada cha OpenStax, Biology 2e, PDF, bure. Ni faili kubwa, kwa hiyo mmoja apakue penye mtandao mzuri, wengine warushiane kwa Bluetooth. Nendeni sehemu ya 7.4. Pale wanauliza: sianidi ikizuia saitokromu oksidasi, pH ya nafasi kati ya tando mbili za mitokondria itapanda au itashuka? Itapanda, kwa sababu protoni hazisukumwi tena kuingia humo, na utengenezaji wa ATP husimama. Mpeni mwanafunzi swali hilo kabla hajaona jibu, achore mnyororo mwenyewe na kuonyesha elektroni zinakwama wapi.