Mercedes SL500 ya 2003: usiagize kabla hujaona hii ABC

Haya wana, karibuni kwenye chaneli, leo ni Mercedes SL500 ya 2003, bodi ile ya R230, V8 lita 5, farasi 306, hayo mnayajua. Rufu ya bati inayojikunja kwa sekunde 16 nayo mmeiona TikTok mpaka mmechoka, siirudii.

Kilichonifanya nirekodi hii ni meseji. Kila wiki mtu ananitumia picha, "bro nimeiona Japani bei chee kuliko Harrier, niagize?" Aisee, tulia kwanza. Hii gari ilipotoka, Marekani ilikuwa inauzwa zaidi ya dola elfu 80, leo hukohuko unaipata kwa elfu 10 mpaka 15, sasa Benzi ikiporomoka hivyo jiulize mwenye nayo kakimbia nini. Gari ndio imeshuka bei, spea hazina habari, zinakudai kama vile jana umetoka kulipa dola elfu 80.

Alichokimbia ni hiki hapa. Leta kamera huku chini ya fenda, sogea, washa taa... hapo. Hii unaona kama shokapu lakini sio ile unayoijua. Inaitwa ABC, Active Body Control. Kuna pampu inazungushwa na mkanda wa injini, inasukuma oili mpaka kama bar 200, na tairi lako lina bar mbili na kitu, piga hesabu. Oili inapita kwenye mabomba na valvu inakuja kwenye miguu yote minne, springi ipo ila inasukumwa na oili, na kompyuta ikihisi gari inataka kuegemea kushoto inasukuma upande huo uinuke. Na cheki, stabilaiza, ile fimbo ya chuma inayozuia gari kulala kwenye kona, hakuna, mbele hamna, nyuma hamna, kazi yote anafanya oili.

Sasa nikuonyeshe, maana kwa maneno hutonielewa. Tunaingia raundabauti, hapa Crown ingekuwa imeshalala ubavu na abiria kashika dirisha. Angalia mabega yangu. Nageuza... unaona? Gari haiegemei! Narudia, spidi kidogo zaidi, angalia upeo wa mbele ulivyonyooka kwenye kioo. Na wewe uliyeko nje nirekodie pua ya gari nikikanyaga breki... haijazama. Tani 1.8 hizo wana, gari ya miaka zaidi ya 20.

Haijaisha. Tuta lile pale ndio lile wenye Subaru zilizoshushwa wanalipita kiubavu huku wamefumba macho. Mimi nasimama, nabonyeza kitufe hiki cha kuinua, subiri, subiri... inapanda, umeona bampa? Nalipita taratibu, sikilizeni, haijakwaruza hata kidogo. Nimeirudia hii mara kadhaa bila sababu ya maana, mwenye gari akabaki ananicheka tu. Nilikuja kuwakataza nyie na sasa naanza kuitafutia nafasi ya kupaki nyumbani.

Lakini turudi kwenye hela. Dalili ya kwanza, unaipaki usiku imesimama vizuri, asubuhi unakuta kona moja imekaa chini, hapo valvu zinapitisha oili au kuna pahala panavuja. Ukiona kila shimo linakugonga mgongoni, akumuleta zimekufa, yale makopo ya mviringo yenye gesi ya naitrojeni. Hizo ndio nafuu. Mbaya ni hozi kupasuka, dashibodi inakuandikia maneno mekundu, na hapo simama palepale, usiseme nafika tu Mwenge, maana pampu ikizunguka kavu imekwisha, na ndio hiyohiyo moja imeunganishwa na ya usukani. Oili yake ni ya kijani, CHF 11S, sio ile nyekundu ya gia, na ina filta yake ambayo watu hawabadilishi kabisa. Fundi akikwambia "oili ni oili tu bosi" mnyang'anye funguo.

Mwenye hii alichukua mguu mmoja wa used kutoka Sharjah, umefika Dar unavuja, akanunua mwingine. Mpya hakutaka hata kunitajia bei.

Najua kuna mtu anaandika sasa hivi "toa ABC weka koilova", yaani shokapu za kawaida zenye springi. Sawa, toa, ila nimekwambia haina stabilaiza, kwa hiyo italala kwenye kona kuliko hiyo Crown, na SL isiyofanya kile nilichoonyesha pale raundabauti umeinunulia nini? Bora utafute SL350, kule ABC ilikuwa ya kuchagua, ukikuta dashibodi haina kile kitufe cha kuinua umepona.

Breki nazo za umeme, SBC, hizo ndizo zilizofanya Mercedes wayaite magari 680,000 yarudi yakarekebishwe mwaka 2004. Boksi lake linahesabu mara ulizokanyaga na kuna siku linasema inatosha, kwa hiyo kabla hujalipa weka mashine ya kusoma uone limefika ngapi. Plagi ni 16, kila silinda mbili. Betri mbili. Mafuta kwenye foleni usiulize.

Kwa sisi wa Bongo, bei ya Japani ni ya kuangalia tu, ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa 10 kwa sababu injini imezidi cc 2000, VAT 18, na juu yake kuna ule wa uchakavu. Ndugu zetu wa Kenya nyie sheria ya kutoingiza gari iliyozidi miaka 8 imeshawafungia, labda uipate iliyopo tayari Nairobi au Mombasa.

Mwenye akili atachukua Lexus SC430, Japani iliuzwa kwanza kama Toyota Soarer. Rufu inajikunja vilevile, V8 ni ile 3UZ ya Crown Majesta, mafundi wanaijua na springi ni springi. Shida moja tu, kwenye kona ni kama umekalia sofa.

Mimi? Kama ni gari yako pekee ya kwenda kazini, hapana kabisa. Kama una nyingine, na una hela nyingine sawa na uliyonunulia imekaa pembeni haina kazi, mzee chukua, tena chukua yenye ABC, ila asubuhi mfike mapema kabla muuzaji hajaiwasha muone imelala vipi.

Soarer nimeahidiwa wiki ijayo, jamaa akibadilisha mawazo nitawaletea Majesta. Sabskraibu, na msinijazie DM za bei ya hii, mwenyewe kasema haiuzi, nimeshamuuliza.