Nilinyoosha mkono, akaushusha

Ni wiki kadhaa sasa tangu niende kliniki hii ya meno kutengenezewa jino, lakini bado nina hasira. Maumivu ya gego nayavumilia. Tatizo langu ni koo: kitu kikigusa tu nyuma ya ulimi au kaakaa laini, linajikaza lenyewe na nataka kutapika. Nilimweleza daktari mapema, kabla hata sijakaa kwenye kiti. Akanijibu, "Usijali, ukizidiwa nyoosha mkono."

Basi akanilaza chali, akajaza trei ule uji mzito wa kuchukulia umbo la meno mpaka ukafurika, akausukuma kinywani. Ulipoanza kuteremkia kooni nikanyoosha mkono. Akaushika, akaushusha. "Mtu mzima wewe, acha kudeka." Kudeka! Machozi yananitoka, pumzi sipati, naambiwa nadeka! Koo halitulii kwa kukemewa. Ile ni kinga ya mwili ili mtu asipaliwe, na hofu huizidisha. Daktari wa meno asiyejua hilo alisomea nini?

Nikaitoa trei mwenyewe, nikashuka kwenye kiti niondoke. Aliyenizuia ni msaidizi wake, dada mmoja mpole. Akaniuliza kama nimewahi kupuliziwa dawa ya ganzi. Nikamwambia ndiyo, kwingine, na ilinizidishia, maana nisipolihisi koo naona kama nakabwa. Akasema sawa, hatutaitumia. Akanikalisha wima, kichwa kikiinamia mbele kidogo, akaniwekea chumvi kidogo kwenye ncha ya ulimi. Nipumue kwa pua, polepole, na niinue mguu mmoja nisiushushe mpaka aseme. Akachukua trei ndogo zaidi, akatia kiasi tu, akaibonyeza kuanzia nyuma ili ziada ije mbele. Kisha akawa ananihesabia kwa sauti. Mguu ukaanza kutetemeka, akili yote ikahamia huko. Koo likatulia. Umbo likatoka safi mara moja.

Nilipokaa kuandika nilitaka kusema msiende kabisa. Lakini jino walilonitengenezea limekaa vizuri, siwezi kusema uongo. Na yule dada sijawahi kuona mfano wake. Nilikuwa hata nimeanza kulainika, ila nikikumbuka mkono wangu ulivyoshushwa, hapana. Mwenye koo kama langu aende, lakini aulize kwanza kama yule dada yupo zamu. Kama hayupo, ageuze hapo hapo mlangoni.